Mbuzi Niliopewa na Kompyuta

"Wewe mama, toka kwa laini. Tajiri hapangi foleni na maskini."

Hayo niliambiwa mbele ya ofisi ya chifu, gunia tupu likiwa begani, na afisa wa msaada aliyekuwa amekalia mahindi yenyewe. Nilidhani ananitania. Huku kwetu chini, upande mkavu wa Embu, mvua ilikuwa imetukosa msimu baada ya msimu, na nyumbani nilikuwa nimemwacha mama mkwe wangu akinywa maji moto yenye chumvi na kuyaita uji. Nikacheka. Yeye hakucheka. Alifungua karatasi ya utafiti kutoka chuo cha Meru akasoma kwa sauti kwamba kijiji chetu, kila boma lina karibu mbuzi mia moja, kwa hivyo kijiji kizima kimeondolewa kwa msaada.

Watu wa vijiji vingine wakapiga mluzi. Mama mmoja akanishika mkono. "Aki dada, na mimi si unigawie mmoja tu?"

Mbuzi wangu alikuwa mmoja. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemwegemeza kwa ukuta wa jikoni ili asianguke. Naitaja hesabu yake sasa kwa sababu alishakufa, na mfu haogopi kuhesabiwa.

Wacha nirudi nyuma, maana waliofanya haya ninawajua.

Kabla ya kiangazi kukaza, alikuja kijana anayesoma chuo kule Meru. Mtoto wa Githongo, kwenye kahawa na mvua za kumwaga. Alisema anafanya utafiti kuhusu maisha ya watu wa nchi kavu. Nikampa kigoda.

"Mama, uko na mbuzi wangapi?"

"Wapo."

"Wangapi?"

"Si umewapita hapo nje?"

"Mama, mimi nataka namba."

"Na mimi nataka mvua, kijana."

Kwetu mifugo haihesabiwi kwa mdomo, wala watoto. Ukitaja idadi umeita jicho baya. Jioni natazama zizi tu, na kama kuna pengo nitaliona. Hata katika ile shule kidogo niliyosoma, mwalimu akiuliza mbuzi watatu jumlisha wawili, mimi nilikuwa naandika vikombe vitano, nachapwa, kesho naandika vikombe tena. Huyo kijana akauliza watoto wangu ni wangapi, nikamwambia Mungu amesaidia. Akaandika kitu, akashukuru, akaenda kwa jirani, akajibiwa vilevile. Kijiji karibu chote kilimjibu hivyo, isipokuwa watu wachache waliookoka ambao siku hizi wanahesabu chochote.

Sasa baada ya kufukuzwa kwa laini, nikampigia simu ndugu yangu aliyeko Runyenjes anisaidie mahindi. Habari zilikuwa zimemfikia. "Dada, uza mmoja tu, utakula mpaka Krismasi!" Akakata simu akicheka. Halafu wakaja wanunuzi na pikapu kutoka Manyatta, wakazunguka boma langu lote, wakachungulia mpaka chooni. "Mama, umewaficha wapi?" Nikawaonyesha yule wa ukutani. Walinitukana kwa kuwapotezea petroli.

Nilimfuata kijana mpaka Meru. Nilimkuta kwenye baraza ya chuo na kompyuta yake. Alipauka aliposikia, lakini hakukimbia, hilo nampa. Akanionyesha programu iliyofanya hesabu.

"Nani mwenye hii?" nikamuuliza. "Nataka nimwone."

"Haina mwenye, mama. Ni ya bure. Watu wa dunia nzima wanaitengeneza kwa kujitolea, na yeyote anaweza kufungua ndani aone inavyofanya kazi."

"Yaani harambee."

"Kama harambee."

"Hata harambee ina mweka hazina wa kushtakiwa."

Akakuna kichwa. Akanieleza kwamba mtu akikataa kujibu, wao huandika tisini na tisa. Ndiyo alama ya kunyamaza. Halafu unatakiwa kuiambia programu kwamba hiyo si hesabu, ni kimya. Alisahau kuiambia. Nayo, kwa utiifu wake, ikahesabu kimya chetu chote kuwa mbuzi.

Kitu kikanishtua. "Na watoto? Sikukujibu watoto pia. Niko na watoto tisini na tisa?"

"Hapana, mama. Hiyo niliona haiwezekani, nikairekebisha."

"Watoto uliona haiwezekani. Mbuzi je?"

Akainamisha macho. "Kwetu ni kahawa, mama. Nilisikia tu huku chini mnafuga."

Alibonyeza mahali, na mbuzi wote wa kijiji chetu wakafa papo hapo kwenye kioo. Wakabaki wale wachache wa waliookoka. Nikamwambia basi peleka hiyo. Akasema lazima mwalimu wake asaini upya. Mwalimu mwenyewe tulimkuta mlangoni na funguo za gari mkononi.

"Mama, matokeo yalishapitishwa. Tukibadilisha sasa, itaonekana tulikosea."

"Si mlikosea?"

"Ndiyo. Lakini itaonekana."

Nikarudi kwa chifu. "Chifu, wewe unapita kwetu kila wiki. Hao mbuzi umewaona wapi?"

"Kuona kwangu si utafiti, mama," akasema.

Sasa ugawaji mwingine umetangazwa, na kijiji chetu bado hakimo. Mama mkwe wangu yuko hai kwa sababu ndugu yangu hatimaye aliona aibu, akatuma debe la mahindi kwa boda boda. Debe hilo limeisha. Programu siilaumu, ilihesabu ilichopewa. Kijana alikosea, na kosa lake amelitaja mbele yangu. Chifu alikuwa na macho akayafumba. Afisa wa msaada alisoma karatasi akakataa kusoma mbavu zetu. Lakini wewe mwalimu wa chuo, wote hao wanasema wanangoja sahihi yako. Kurudia hesabu hakukuwa na malipo, wala hakukuhitaji ruhusa ya mtu. Nilikuwa nimesimama pale, nikaona ikifanyika. Kalamu yako inangoja nini? Njoo kwa baraza la chifu kabla mahindi hayajagawanywa, usimame, umtazame huyu mama mkwe wangu, umwambie wewe mwenyewe kwa nini hajala.