Watoto Waliopimwa Mgongoni

Mwaka ule masika yalikawia kuondoka Mgeta. Mvua ilianza kabla ya Pasaka ikaendelea mpaka njegere zikaoza kwenye matuta, na ukungu ulikuwa hauinuki bondeni mpaka kengele ya Malaika wa Bwana ilipolia saa sita mchana. Cecilia Banzi alikuwa na umri wa miaka kumi. Kazi yake, kama ilivyokuwa kazi ya kila binti mkubwa katika nyumba za mlimani siku zile, ilikuwa kumbeba mdogo wake. Kila asubuhi mama yake alimfunga mtoto Petro mgongoni mwake kwa kanga iliyochakaa, akakaza fundo kifuani, nao wakashuka shambani, mama na jembe lake, Cecilia na mtoto wake.

Alimbeba Petro masika yote yale, akauzoea uzito wake kama mtu azoeavyo uzito wa ndoo ya kwao. Radi ilipopasua upande wa uwanda wa juu wa Lukwangule, Cecilia alishtuka, na mtoto mgongoni akashtuka naye. Kengele ya misheni ilipoanza kugonga, Cecilia aligeuka, na kichwa cha Petro kikageuka upande uleule. Majirani waliliona hilo wakalisifu. Bibi yao alisema mtoto huyu ana masikio ya paa, hata jani likianguka hatalikosa.

Kisha Petro akaanza kutembea, akashushwa mgongoni, na tangu siku hiyo akawa haitiki akiitwa. Wakasema ni mkaidi. Alichapwa kwa ukaidi huo, na Cecilia mwenyewe alimchapa mara moja kwa ufito wa mpera, jambo ambalo hakulisahau. Petro alipotimiza miaka minne, sista mmoja wa zahanati ya misheni aligonga sufuria nyuma ya kisogo chake mara tatu, akangoja, kisha akamwambia mama yao taratibu kwamba mtoto huyu hasikii, na huenda hajawahi kusikia tangu azaliwe. Mama hakulia. Alirudi shambani, akakaa ukingoni mwa tuta na kung'oa magugu ambayo hayakuwapo.

Petro alikua bila lugha, isipokuwa ishara chache alizozitunga na dada yake. Hatimaye alijifunza useremala, na leo ana kibanda chake Morogoro mjini ambako hutengeneza viti na makabati yanayosifiwa. Cecilia alisomea uuguzi. Alipokwisha kufanya kazi miaka kumi na mitatu alipata nafasi ya kusomea upimaji wa usikivu, na huko ndiko alikoelezwa jambo lililomkosesha usingizi: mtoto kiziwi akigunduliwa kabla ya miezi sita, akapewa kifaa au lugha ya ishara mapema, hukua na maneno yake kama wenzake. Akichelewa, kila mwezi unaopita huondoka na kitu kisichorudi.

Alirudi Morogoro na cheti, na mashine moja ndogo ndani ya begi jeusi, na barua iliyomtaka awafundishe wauguzi kumi na wawili wa zahanati za milimani. Mpango ulikuwa rahisi. Mashine ingebaki mjini. Kule juu, muuguzi angempima kila mtoto aliyeletwa kliniki kwa kikopo chenye punje za mchele, akikitikisa nyuma ya sikio la kulia na la kushoto. Mtoto asiyeshtuka wala kugeuka angeandikiwa barua ya kushuka mjini.

Jambo rahisi likamchosha kuliko yote aliyowahi kuyafanya. Kipimo cha mashine kinataka kimya, na chumba cha kwanza alichopewa kilipakana na jenereta. Cha pili kilipakana na mafundi wa bodaboda. Akaomba stoo ya vyandarua, akafurahi, maana marobota yale yalimeza kila sauti. Baada ya wiki tano vyandarua vikagawiwa kwa wananchi, na stoo ikaanza kuvuma kama pipa tupu. Wanafunzi nao hawakukaa. Happiness, aliyekuwa na mkono mwepesi, alihamishiwa masjala Ngerengere. Oscar alipelekwa Kisaki kushughulikia malaria. Kila aliyeondoka aliondoka na mafunzo yake, na Cecilia akaanza upya na mtu mwingine, kutoka ukurasa wa kwanza.

Baada ya miezi kumi na minane taarifa za milimani zikakusanywa. Watoto mia sita na arobaini walikuwa wamepimwa, na hakuna hata mmoja aliyeshindwa kipimo. Bwana Abeid, msimamizi wa mradi, mtu mpole aliyependa mambo yaishe vizuri, alifurahi. Alisema pengine ni hewa ya mlimani. Ijumaa wageni waliotoa fedha wangekuja kushuhudia wauguzi wakipewa vyeti, na kila cheti kilihitaji sahihi ya Cecilia.

Cecilia alizitazama taarifa zile muda mrefu. Hakuamini kwamba milima iliyomzaa Petro ilikuwa imeacha kuzaa viziwi. Jumanne akapanda kwenda zahanati moja ya juu kabisa, kwa Leonard, mwanafunzi aliyemtegemea kuliko wote.

Leonard alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, kijana mwembamba, nadhifu, aliyeandika kila kitu kwenye daftari. Akina mama walimpenda, na mabibi walimfanyia utani. Asubuhi ile kwenye benchi alikuwapo Janeth, mama kijana, na mwanawe Stefano wa miezi saba akiwa mgongoni, na mama yake Janeth aliyewasindikiza.

"Mnyamwezi," alisema bibi yule, "kikopo chako kila mwezi kinazidi kuwa chepesi. Mchele unaupika?"

"Punje ishirini, bibi. Nikiupika nitakualika, tugawane kumi kumi."

"Na mboga ulete wewe, maana za kwangu unazimaliza."

Wakacheka. Leonard akasimama nyuma ya Janeth, akakitikisa kikopo upande wa kulia. Stefano akageuza kichwa kulia. Akakitikisa kushoto, na mtoto akageuka kushoto. Leonard akaandika kwamba amefaulu, kama alivyofaulu alipopimwa akiwa na miezi mitatu.

Cecilia alikuwa amekaa mbele yao. Hakuwa akimtazama mtoto. Alikuwa akimtazama mama. Akamwomba Leonard arudie. Kikopo kilipolia kulia, bega la kulia la Janeth liliinuka kidogo, kama mtu atakaye kugeuka akajizuia, na kichwa cha mtoto kikafuata bega. Kikopo kilipolia kushoto ikawa vivyo hivyo.

Akahisi mgongo wake mwenyewe umekuwa baridi.

Akamwomba Janeth amshushe mtoto na kumlaza kitandani. Mama yake Janeth akaacha kucheka. Aliuliza, kwa heshima lakini bila kurudi nyuma, kitanda kile kimelaza wagonjwa wangapi, na wangapi kati yao waliondoka wakiwa wamefunikwa. Mtoto wa mlimani halazwi juu ya kitanda cha hospitali akiwa mzima. Cecilia hakubishana. Aliondoa madaftari juu ya meza ya Leonard, akatandika kanga ya Janeth mwenyewe, na mtoto akalazwa hapo.

Leonard akakitikisa kikopo kulia. Stefano alikuwa akivitazama vidole vya miguu yake. Akakitikisa kushoto. Akakisogeza hata kikawa umbali wa kiganja tu kutoka sikioni, akakitikisa mpaka punje zikaruka nje. Mtoto akashika kidole gumba cha mguu, akakiingiza kinywani, akatulia.

Janeth akauliza kuna nini. Cecilia akamwambia mtoto atahitaji kupimwa kwa mashine mjini.

Cecilia alimchukua Leonard nje, na hasira iliyokusanyika miezi kumi na minane ikamtoka. Alimwambia kwamba mtoto huyu alikuwa mikononi mwake akiwa na miezi mitatu, kwamba miezi minne imepotea, kwamba mtu aliyesoma hawezi kumpima mtoto juu ya mgongo wa mtu mwingine anayesikia. Leonard alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akarudi na daftari la mafunzo, akalifungua penye siku ya tatu, akampa.

Mwandiko ulikuwa safi. *Mwalimu kasema: mama akikataa kumlaza mtoto, msimlazimishe. Mpimeni palepale mgongoni.*

Akakumbuka. Siku ile mama mmoja alikuwa ameondoka darasani akilia, mtoto amemkumbatia, kwa sababu mwanafunzi alitaka kumlaza kwa nguvu. Cecilia aliona huruma, akasema maneno yale, na wote kumi na wawili wakayaandika. Yeye, aliyembeba Petro masika mazima, aliyeshtuka kwa radi na kumshtua mtoto, aliyekuwa mwenyewe ule mgongo uliodanganya kijiji kizima. Katika watu wote wa nchi hii, yeye ndiye aliyepaswa kujua.

"Nisamehe, Leonard," alisema.

"Mwalimu, wangapi?"

"Sijui. Hatutajua mpaka tuwapime wote tena."

Janeth aliletwa mjini kesho yake, na mashine ikathibitisha kwamba Stefano hasikii kwa masikio yote mawili. Siku ileile Cecilia alikwenda ofisini kwa Bwana Abeid, akamweleza kila kitu. Abeid alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwamba kosa la mafunzo lingeweza kurekebishwa polepole: vyeti vitolewe Ijumaa, wageni waondoke kwa amani, na mwakani liongezwe somo moja. Akasema wafadhili wakisikia habari hii watafunga mradi, na hapo hatapimwa mtoto yeyote, si mgongoni wala mezani.

"Vyeti vikishatoka, Bwana Abeid, watoto wale watakuwa wanasikia. Kwenye karatasi watakuwa wanasikia. Nani atakwenda kuwapima tena?"

"Dada Cecilia, kosa ni lako. Unataka mimi nilitangaze?"

"Nitalitangaza mimi. Sahihi siweki."

Hakuweka. Sherehe ikaahirishwa, na baada ya mwezi mradi ukasimamishwa kwa ajili ya tathmini, neno ambalo watu wa Morogoro wanalijua vizuri. Hakuna aliyekuja kutathmini. Baadhi ya wauguzi waliokuwa wameshanunua nguo za sherehe waliacha kupokea simu zake. Yeye mwenyewe alirudishwa kufunga vidonda katika wodi ya majeruhi, na begi jeusi likafungiwa kabatini. Aliliomba kwa barua tatu, akaruhusiwa kulitumia siku zake za mapumziko tu.

Akawa anapanda siku hizo, mara nyingi pamoja na Leonard, kutafuta wale mia sita na arobaini. Kazi ilikwenda kwa mwendo wa konokono. Wengine walikuwa wamehamia Dar es Salaam na wazazi wao. Wengine mama zao walionyesha kadi yenye neno *amefaulu* wakauliza kwa nini apimwe mara ya pili, au serikali haina kazi? Na kila zahanati ilikuwa na kitanda kilekile, na kila bibi akawa na swali lilelile. Meza hazikutosha, nyingine zilikuwa mbovu, nyingine hazikuwapo. Katika miezi saba walipata watoto tisini na mmoja. Watatu walikuwa hawasikii. Mkubwa wao alikuwa na miaka miwili na miezi minne, na mama yake alieleza, kwa fahari kidogo, kwamba ni mtoto mkaidi sana.

Mwezi uliofuata Leonard akapewa uhamisho. Alikuja kuaga mjini, akamwachia kikopo na daftari.

Jumamosi Cecilia alikwenda kwenye kibanda cha Petro. Alimwonyesha kwa mikono: mtoto, kulala, mlima, kubeba. Alikunja uso kama bibi anayekataa, akakionyesha kitanda cha hospitali kwa kufumba macho na kujifunika kanga mpaka kichwani. Petro alicheka sana. Kisha akachukua penseli iliyokuwa nyuma ya sikio lake, akachora juu ya ubao kitanda kidogo cha kukunja, chenye mishipi ya kukibebea. Alikitengeneza kwa mvule uliobaki kwenye kabati la mteja, akakipiga msasa siku mbili. Hakikuwa kimelaliwa na mtu.

Jumanne iliyofuata, siku yake ya mapumziko, Cecilia Banzi alipanda Mgeta peke yake, begi mkononi na kitanda mgongoni. Alikifungua barazani mwa zahanati mnamo saa tatu na nusu, akawaambia akina mama nani amekitengeneza na kwamba ni kipya. Mtoto wa kwanza kulazwa alikuwa msichana wa miezi mitano. Alisikia. Cecilia akaandika, akaita wa pili.