Mama Mkwe Kwenye Boti Yangu

Kazini mimi ni mkali. Nina boti pale Likoni, napeleka watu nje ya mwamba kuangalia pomboo, na kabla hatujang'oa nanga huwa nimeshawapa sheria: hakuna kelele, hakuna kutupa chakula, na wakitokea pomboo wenye mtoto mchanga tunabaki mbali. Nimewahi kumrudisha ufukweni bwana mmoja aliyetaka niwakimbize pomboo ili apate picha. Aliniita mjeuri, nami sikubishana naye.

Jumatatu ya Pasaka nikampeleka mama mkwe. Anaishi Mtopanga, ameuza nyanya Kongowea tangu mke wangu yuko mgongoni, na bahari alikuwa akiiona akiwa ndani ya feri tu. Mke wangu ndiye aliyeniomba. Nilikubali kwa wasiwasi, maana kwetu mkwe haamrishwi, hakodolewi macho, na likiwepo la kumwambia hupitia kwa mkeo. Kwa hiyo sheria zangu nilimnong'oneza mke wangu, nikitumaini zitafika.

Hazikufika. Tulipopita mwamba mawimbi yalimchafua mke wangu tumbo, akainamia ubavu wa boti akitapika, na mimi nikabaki sina wa kunisemea.

Hapo ndipo walipotokea pomboo. Mgongo mmoja mkubwa, na kando yake mwingine mdogo. Mama mkwe alipomwona mtoto akasimama, akafanya wanalofanya kina mama wote wa kwao wakikutana na mzazi na mwanawe: alipiga vigelegele, mkono ukigonga ubao wa boti. Kisha akanigeukia, uso mzima umejaa furaha.

"Sogea, baba," akasema. "Nimpe mamake pole na hongera."

Nilijua la kujibu. Ni neno moja tu, hapana, na wageni nawapa kila siku bila kupepesa macho. Siku hiyo nikashika usukani badala yake. Nikasogeza boti.

Yule pomboo mama akazama upande wa kulia, mtoto akaibukia kushoto, nasi tukawa katikati yao. Mtoto akaanza kuhangaika, akija kwetu, akirudi, akija tena. Nilizima injini nikiwa nimeshachelewa. Vigelegele vikakatika.

"Yule mdogo anatafuta nini?" mama mkwe akauliza.

Niliangalia maji. "Anamtafuta mamake. Nimeingia kati yao."

"Ulijua itakuwa hivi?"

"Nilijua, mama."

Akakaa, akajifunika mdomo kwa leso. Tukaelea hapo, nami nikaona aibu. Moyoni nilikuwa nimeiita heshima, lakini ulikuwa woga mtupu. Niliogopa kuonekana mkwe asiye na adabu, na gharama ya woga huo nikambebesha mtoto wa pomboo. Baada ya muda migongo miwili ikaonekana mbali, mkubwa na mdogo. Mke wangu, ambaye sasa alikuwa amepata nafuu, alisema ni wale wale. Ningependa kuamini hivyo. Kutoka pale tulipokuwa sikuweza kujua, na sikuthubutu kusogea nihakikishe.

Nikageuza boti tukarudi. Ufukweni niliruka majini, nikashika kamba ili boti isiyumbe, naye akashuka akimshikilia mwanawe. Kule baharini alikuwa ameniita baba, akazungumza nami ana kwa ana. Sasa alisimama karibu nami kabisa, uso ameuelekeza kwa mke wangu.

"Mwambie mumeo," akasema, "wale wageni anaowakataza ndio anaowaheshimu. Mimi ameniacha nikamtese mzazi mwenzangu."

Mke wangu alifungua mdomo anifikishie, kisha akaufunga. Nilikuwa nimeshasikia.