Pumuzi ya Bénie

Katungu wa Kalunguta alimaliza darasa la sita kwa masista, akazika bwana yake, na vita ilipofukuza kijiji kizima, yeye ndiye alirudi wa kwanza kwenye shamba lake la maharagi. Mutoto wake Éliakim alikuwa Kyavinyonge, kando ya ziwa, akiuza samaki. Muke wa Éliakim alipofariki, Éliakim alimuletea mama yake binti wa miezi saba, Bénie. Tangu siku ile Katungu akawa tena na mutu wa kusemesha nyumbani.

Baridi ya mwezi wa saba ikakohoza mutoto. Katungu akafanya jinsi mama yake alivyomufanyia yeye: akaingiza mbabula, jiko la makaa, chumbani, akafunga dirisha, akaziba chini ya mulango na kitambaa. Siku ya tatu mbavu za Bénie zilikuwa zinazama kila akivuta hewa, na midomo ikageuka rangi ya majivu. Akamufunga mugongoni, akapanda pikipiki mpaka hospitali, Butembo.

“Ni pneumonie, ugonjwa wa mapafu, na ni ya nguvu,” akasema Syauswa, infirmière, muuguzi wa chumba cha watoto. Akamuwekea mutoto mupira mwembamba puani. Mupira ule ulitoka kwenye mashine ya oksijeni iliyonguruma kando ya ukuta, ukipitia chupa ya maji yenye kutoa povu. Akamugeukia bibi ya mutoto. “Koko, usiutoshe puani hata akilia. Na kwa nyumba, analalaka wapi?”

“Kwa kitanda.”

“Hakuna moshi?”

“Mimi ni mutu wa usafi,” Katungu akajibu, akatazama pembeni.

Siku ine Katungu alikaa kando ya kitanda, pale mupira ulipoishia. Bénie aliung’oa kila mara, basi bibi akamushika mikono yote miwili. Wamama wengine walitoka nyuma kupika bugali, wakipokezana watoto. Nadège wa kitanda cha pili akamuambia, “Koko, nikushikie mutoto uende kuoga. Ao unafikiri nitamuiba?”

“Mimi nilishaoga mbele wewe uzaliwe.”

Chumba kizima kikacheka, Nadège naye. Lakini hakuuliza tena, na Katungu akala ndizi moja siku ile, kwa mukono mumoja.

Siku ya tatu pale hospitali umeme ulikatika. Mashine ikanyamaza, povu likasimama, na kifua cha mutoto kikaanza kupiga mbio. Syauswa akafika akisukuma chupa kubwa ya chuma, akaunganisha mupira, hewa ikarudi. Kwa zile dakika Katungu hakuomba Mungu kitu kingine ila apewe nafasi ya kusema kweli.

Siku ya tano mupira ukatoshwa. Kipimo cha oksijeni kwenye kidole kikasoma tisini na tano kwa mia. Éliakim akafika akinuka samaki, akambeba mutoto, akamuambia mama yake aksanti mara tatu. Hakuna mutu alimuuliza Katungu kitu. Angeweza kunyamaza.

“Éliakim, iko kitu,” akasema. “Niliweka mbabula kwa chumba, nikafunga kila pahali. Alilala mu moshi siku tatu.”

Éliakim akamulaza mutoto kwenye bega. “Mama, hata mimi ulinifanyiaka vile.”

“Wewe Mungu alikusaidia.”

“Wamama wengi banafanyaka vile, koko,” Syauswa akasema polepole, akikunja mupira. “Sasa umejua.”

Éliakim akatazama dirisha. “Nitamushusha Kyavinyonge. Kule ni joto, watu banalala bila moto. Dada ya marehemu mama yake atamulea.”

Katungu alitaka kusema kwamba makaa hayataingia tena chumbani, kwamba atamuvalisha masweta matatu, kwamba amuachie tu mpaka Noeli. Lakini Bénie alikuwa amelala kwenye bega la baba yake, mbavu zimetulia, akivuta hewa bila sauti. Bibi akamupangusia alama ya mupira shavuni, akampa Éliakim kitenge cha kumubebea.

Walipoondoka, Katungu akatoka mpaka kwenye mulango mukubwa wa hospitali. Mwenye pikipiki akawasha.

“Kalunguta, koko? Muko bangapi?”

“Niko mimi.”

Akapanda, akakosa pa kuweka mikono.