Tai Mwenye Tumbo la Njano

Wiki iliyopita nilimpelekea dobi wa hapa Kimandolu nguo moja, nikarudi nayo nyumbani bila hata kuitoa kwenye mfuko. Mlangoni pake nilipokewa na harufu ya nailoni iliyoungua. Anayeijua haisahau: nusu nywele, nusu plastiki, na inakwama kooni. Dobi alikuwa anakwangua pasi kwa kisu huku akicheka mwenyewe. Nina miaka thelathini na mitatu na watoto wawili, lakini pale mlangoni nilikuwa tena na miaka tisa, na nilikuwa nimeunguza tai wa Babu Tomasi.

Babu Tomasi hakuwa babu yangu wa damu. Alikuwa mpangaji wetu, Mmakonde aliyevuka Ruvuma akiwa kijana wakati wa vita vya ukombozi vya Msumbiji, akazunguka nchi hii na patasi zake mpaka akafika Arusha, ambako watalii hawaishi kununua vinyago. Alichonga barazani kwetu, na vumbi la mpingo lilitufuata mpaka kwenye vikombe vya chai. Nyuma ya mlango wa chumba chake palikuwa na msumari, na kwenye msumari ilining'inia jezi nyekundu yenye tai kifuani, ya timu moja kubwa ya Ureno. Aliivaa siku timu hiyo ilipocheza tu. Akirudi kutoka kibanda cha mpira aliitundika kwa mikono miwili, kama padri anavyorudisha kikombe altareni.

Baba yangu, Mchaga wa Machame aliyeuza vipuri vya magari mjini, alikuwa shabiki wa timu ya njano na kijani, na rangi nyekundu ilimwasha mwili popote alipoiona. Kila jioni yeye na Babu Tomasi walicheza drafti kwa vizibo vya soda, na drafti bila utani ilikuwa haiendi.

"Mzee, hivi wewe huna haya?" Baba alikuwa anamwuliza. "Wareno wamekufukuza kwenu kwa risasi, na wewe unawashangilia!"

"Walionipiga risasi hawakuwa kumi na mmoja, Baba Manka, na hawakuvaa bukta."

Halafu alianza historia yake, ambayo tuliijua kwa moyo kama Baba Yetu. Kwamba timu ile ilianzishwa na vijana maskini, wengine wamelelewa kituo cha yatima, hawana hata uwanja. Kwamba uwanja ulipojengwa, mashabiki wenyewe walichanga saruji. Na kwamba mfungaji wao mkubwa kuliko wote alikuwa mtoto wa Msumbiji aliyeanza kucheza peku. Hapo sauti ilishuka. "Serikali ilikuwa yao," alisema, "lakini magoli yalikuwa ya kwetu. Mimi na kaka yangu tulikuwa tunamsikiliza redioni, sikio lake huku, langu huku."

Jezi ile ilitoka kwa huyo kaka, aliyebaki ng'ambo ya mto. Dereva wa lori ndiye aliyeileta. Hayo niliyajua. Mengine sikuyajua, wala hakuna aliyeyajua pale nyumbani.

Ijumaa moja Baba alivuta pua akasema, "Mzee, jezi hiyo inanuka historia yote ya Ureno. Ipo siku nitaifanya tambara la kufutia vipuri." Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Niliitazama kola iliyopiga weusi nikaona aibu kwa niaba yake, maana nilimpenda sana yule mzee.

Jumamosi kwetu ilikuwa siku ya kupiga pasi. Nguo zote za kanisani, kuanzia suruali za Baba mpaka vitambaa vya kichwa vya Mama, zilikuwa zamu yangu na pasi ya mkaa. Asubuhi ile Babu Tomasi alipeleka vinyago mjini, na mlango wake haukuwahi kufungwa. Niliitoa jezi msumarini, nikaifua maji matatu kwa sabuni ya unga, nikasugua kola mpaka vidole vikachubuka. Upepo wa Mlima Meru ukaikausha upesi. Ilikuwa inang'aa. Ingebaki hivyo mngekuwa mnasoma habari nyingine, lakini mimi nikaona bado ina makunyanzi.

Sikujua kwamba nailoni na mkaa haviongei. Nilikandamiza mara moja tu, hasa pale kwenye tai ili anyooke vizuri. Moshi ukafuka. Nilipoinua pasi, tai akanifuata nusu, nusu akabaki, na katikati pakawa na tundu la kupitisha ngumi.

Niliizika chini ya magunia ya mkaa stoo, nikaendelea kupiga pasi suruali ya Baba.

Jioni Babu Tomasi alikuta msumari mtupu. Alikuja barazani taratibu. "Baba Manka, utani umetosha. Nipe jezi yangu."

Baba alicheka. Kicheko kile ndicho kilichomhukumu. Kadiri alivyokana ndivyo alivyozidi kucheka, akidhani anataniwa, mpaka alipoona macho ya mwenzake. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, bibi yangu alikuwa akisema, na siku ile niliuona usaha wenyewe.

Jumapili mchungaji alihubiri habari za Yona, nami nikajua ananihubiri mimi. Jumatatu drafti haikuchezwa. Vizibo vilibaki kwenye kopo, na wanaume wawili waliokula pamoja kwa miaka saba wakapishana uani wakisalimiana kama wageni. "Kumbe mimi ndiye mwizi," nilimsikia Baba akimwambia Mama jikoni, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa imevunjika. Kila mlango ulipolia niliruka. Nilimwomba Mungu alete mwizi wa kweli, yeyote yule, apite tu Kimandolu akamatwe.

Jumatano nilimkuta Babu Tomasi akifunga patasi zake kwenye gunia. Alikuwa amepata chumba kwa mchongaji mwenzake, kule Kikwe.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu." Hakuniangalia.

Nilikwenda stoo. Nilirudi na jezi imejaa vumbi la mkaa, nikaiweka miguuni pake, nikalia mpaka nikakosa pumzi. Nilimweleza yote. Baba alikuwa mlangoni, amesikia, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye mkanda. Babu Tomasi akainua kiganja kumzuia, bila kugeuka. Aliokota jezi. Akapitisha vidole kwenye tundu. Kisha akaipeleka usoni, akavuta pumzi ndefu.

"Uliifua kabla ya kuipiga pasi?"

Hapo nikaona mlango wa kuokokea. "Ndiyo, Babu! Niliifua vizuri sana. Maji matatu!"

Alifumba macho. Alivuta pumzi tena, jezi ikiwa bado puani. "Umefanya vizuri, mjukuu wangu," alisema. "Ilikuwa chafu."

Nilidhani nimesamehewa kwa sababu ya sabuni. Na nilijivuna kwa hilo miaka mingi.

Babu Tomasi hakuhama. Baba aliingia ndani akatoka na jezi yake ya njano, akaikata kipande mgongoni kwa mkasi wa Mama, akampa. Mama akakishona. Tangu hapo tai wa Ureno alitembea Kimandolu na tumbo la njano, na kibanda kizima cha mpira kilimcheka, na mwenyewe akacheka nao. Aliivaa mpaka alipofariki, mimi nikiwa kidato cha pili. Siku ya matanga yule dereva wa lori aliyeileta alituambia kwamba jezi ile ilivuliwa mwilini mwa kaka yake Babu, hospitalini, siku aliyokufa. Babu Tomasi hakuwahi kuifua. Nilisikia nikaona ni jambo la huzuni, nikaenda kuosha vyombo.

Nguo niliyompelekea dobi wiki iliyopita ni sweta ya Baba. Tulimzika, na huu ni mwezi wa pili sasa. Dada yangu aliniambia, "Manka, hiyo sweta inanuka, ifue." Kweli inanuka, grisi na tumbaku na mafuta ya kichwa. Nimeitundika msumarini nyuma ya mlango wangu, na mwanangu wa kike, ambaye ana miaka tisa na moyo mwema, nimemkataza kuigusa.