Nilivyokuwa tumbo la mazoezi la madaktari Rumonge, mpaka siku uji ulipopata mabonge

Wakuu, amahoro.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo nimecheka peke yangu sokoni mpaka watu wakanitazama, nikaona bora nicheke na nyinyi. Ninayoandika sikusimuliwa. Nimeyaona kwa macho na kuyalalia kwa mgongo, na mkifika katikati mtaelewa kwa nini nasema mgongo.

Ni miaka ya vita, Burundi, mji wa Rumonge, kando ya ziwa Tanganyika.

Wazazi wetu walifariki, nikabaki mimi mkubwa na wadogo wanne. Shule niliacha darasa la sita. Wa mwisho wetu, Riziki, alikuwa bado ananyonya. Akabaki na uji wa muhogo tu, na mtoto yule alikuwa hakimu! Akikuta bonge moja kwenye kijiko, anatema kila kitu na kulia mpaka majirani wanagonga ukuta.

Kwa hiyo nilijifunza kupika uji usio na bonge hata moja. Wanaume wenzangu walinicheka sana. Wekeni jambo hili akilini.

Miaka ikaenda. Riziki akakua. Mimi nikawa nakamua mawese, na kila Jumatatu napeleka bidoni moja, yaani dumu, jikoni kwenye hospitali moja ya hapo, jina naliacha.

Siku moja nimeshusha bidoni, dokta mmoja mwanamke akanisimamisha mlangoni. Nitamwita Dokta Gaudence. Alinitazama kuanzia kifuani mpaka kiunoni kama mtu anayechagua mbuzi.

"Wewe kijana, uko mwembamba. Una haraka?"

"Hapana, Dokta."

"Unaogopa baridi kwa tumbo?"

Wakuu, swali kama hilo unalijibu vipi?

Kumbe alikuwa amepata mashine ndogo ya ultrasound, sisi tunaita ekografi. Ukubwa wake kama mkoba wa mwalimu, ina kioo kidogo, na ina kipande cha kushika mkononi wanachokipitisha juu ya ngozi, wao walikiita sonde. Alikuwa na wanafunzi wa udaktari waliokuja kufanya staji, na alitaka kuwafundisha kuitumia palepale kitandani kwa mgonjwa, kwa ajili ya watu wanaoletwa wameumia. Vita vile, waliumia wengi.

Lakini mwanafunzi hawezi kuanza kujifunza juu ya mtu anayekufa. Alihitaji mtu mzima mwenye afya, mtulivu, asiyechoka kulala. Malipo ni sahani ya wali na maharage kila mchana, na kufungasha.

Nilivua shati kabla hajamaliza sentensi.

Ndivyo nilivyokuwa tumbo la mazoezi. Wanafunzi waliniita Profesa.

Wawili ndio wa kuwajua kwenye kisa hiki. Diyodone, kijana wa Bujumbura, mwepesi, anaongea Kifaransa kama redio, anamaliza kabla wengine hawajaanza. Na Esperanse, binti wa Nyanza-Lac, mpole, mzito wa mkono, anaangalia sehemu moja mpaka nasinzia. Diyodone alimtania kila siku: "Esperanse, mugonjwa wako amepona, ameenda nyumbani, ameoa."

Dokta Gaudence alifundisha kwa maneno machache. Ekografi ya dharura, alisema, ina swali moja: ndani kuna damu imemwagika, au hakuna? Unatazama sehemu nne. Kulia chini ya mbavu, kati ya ini na figo. Kushoto, kati ya bandama na figo. Chini, kwenye kibofu. Halafu juu, kwenye moyo. Kitu cha majimaji kwenye kioo ni cheusi. Ukiona mstari mweusi pasipo pake, kimbia kuniita.

Ili waone cheusi kinafananaje, walininywesha maji jagi zima kibofu kijae. Halafu wanapokezana kutazama, mmoja baada ya mwingine, na mimi nimebana miguu nahesabu bati za dari. Siku ya kwanza nilitoka pale mbio kama mwizi, shati mkononi, na wagonjwa wakinishangilia.

Na mimi, kwa kuwa kioo kilikuwa kando ya kichwa changu, nilitazama pia. Wiki baada ya wiki. Nikaijua figo yangu kama ninavyojua mlango wa kwetu.

Sasa, ekografi haifanyi kazi bila jeli. Lazima kitu laini kikae kati ya sonde na ngozi, hewa isiingie, la sivyo unaona ukungu tu. Na barabara ya Bujumbura ikafungwa kwa sababu ya mashambulizi, jeli ikaisha. Walijaribu maji, yakatiririka mbavuni na picha ikakatika.

Diyodone akasema: "Tuko Rumonge, Profesa anauza mawese. Tunakosa nini?"

Wakanipaka mawese.

Wakuu wangu! Picha ilitokea, siwezi kukataa. Lakini sonde iliteleza mpaka kwapani, shuka likawa jekundu, mikono ya madaktari wa kesho ikawa kama ya wapika samaki. Mama mmoja mgonjwa alipita mlangoni, akaniona nimelala nang'aa hivyo, akapiga kelele kwamba nimechinjwa. Mama wa kufua mashuka alikuja na beseni akalitupa miguuni pa Diyodone: "Fua wewe, Dokta!" Na Dokta Gaudence akapiga marufuku, akihofia mafuta yataharibu mpira wa sonde.

Hapo ndipo mimi, mtu wa darasa la sita, nikanyoosha mkono nikiwa nimelala.

"Dokta, uji wa muhogo."

Walicheka. Yeye hakucheka. Alisema, "Nenda kapike."

Unga unauchekecha, unaukoroga kwanza kwenye maji baridi, unauchuja kwa kitambaa, ndipo unaumimina polepole kwenye maji ya moto huku mkono hausimami. Unaona mweupe unageuka kuwa kama kioo cha maji. Unaacha upoe. (Hilo la kupoa tulijifunza kwa tumbo langu, Diyodone hakuniuliza.)

Picha ikatoka safi! Dokta akapiga makofi. Tangu hapo nikawa nalala na kupika. Wagonjwa wa wodi wakauliza kwa nini uji unapakwa mtu mmoja na wao hawagawiwi. Nyumbani mdogo wangu anayenifuata, Sudi, akanifanyia wimbo: kaka yetu anawalisha watu uji kwa nje. Riziki ndiye aliyeongoza kiitikio.

Basi tangu nianze kulala pale tulicheka miezi miwili. Halafu ikaja siku ya Sudi.

Sudi alikuwa anasafirisha bidoni za mawese kwa baiskeli kutoka Minago. Mnajua vijana wetu, kilima kikija wanashika nyuma ya lori linawavuta. Asubuhi hiyo lori lilikata kona, yeye hakuachia kwa wakati. Mkono ukavunjika, na usukani ukamgonga ubavu wa kushoto.

Mimi nilikuwa kwenye kinu cha mawese. Nilipofika hospitali nilimkuta kitandani, mkono umepinda vibaya kabisa, na bado anatania: "Kaka, nimekuletea kazi."

Kila mtu alitazama ule mkono. Fundi wa mifupa alikuwa Bujumbura, na msafara wa magari wenye ulinzi wa wanajeshi ulikuwa unaondoka asubuhi hiyo. Ukikosa huo, hakuna ajuaye mwingine lini. Pikapu ya hospitali ilikuwa tayari, inaunguruma, nafasi ya Sudi ipo.

Dokta Gaudence alikuwa ndani anampasua mama mjamzito. Alikuwa ameacha agizo moja: kabla hajapanda gari, mtazame tumbo. Tumbo likiwa salama aende. Kama kuna damu ndani, asiguse barabara ile, hatafika hai, mumbakize nimpasue hapa.

Niliingia wakati Diyodone anafuta sonde.

"Iko safi," akasema. "Sijaona damu. Apande."

Esperanse alikuwa bado anatazama kioo, picha ya mwisho imesimama pale. "Mimi sioni safi."

"Umeona damu?"

"Hapana. Sioni kitu. Si sawa na kuona hakuna."

"Esperanse, gari inaondoka!"

Nikatazama kioo. Wakuu, nililala kwenye kitanda kile miezi miwili. Nilijua figo inakaaje, ini linakaaje. Kile hakikuwa tumbo la mtu. Kilikuwa ukungu wa asubuhi ziwani, michirizi tu. Nikatazama ubavu wa Sudi, kisha bakuli.

Mabonge! Makubwa kama njegere, hewa inapita katikati. Kwa kuwa sikuwepo, Diyodone alipika mwenyewe, akamwaga unga wote kwenye maji yanayochemka.

"Hii uji nani amepika?" nikauliza.

Diyodone akavuta bakuli kwake.

"Nipeni dakika kumi."

Dereva akapiga honi. Diyodone akaniambia kwa sauti ya chini, bila utani hata kidogo, "Profesa, akikosa gari atabaki na mkono wa kilema maisha yake yote. Ni ndugu yako. Amua."

Niliamua kwenda jikoni.

Ndugu zangu, kuna kazi haikubali haraka. Ukiongeza moto, mabonge. Ukimwaga kwa pupa, mabonge. Nje honi inalia, mdogo wangu yuko ndani, na mimi nachekecha unga. Nilijiambia ni Riziki tu ana njaa, analia, na atatema. Nikakoroga polepole kama nina siku nzima. Ulipong'aa, nikatumbukiza sufuria kwenye beseni la maji baridi, nikakoroga tena.

Honi ikakata. Nikasikia dereva anapiga kelele, "Mimi naenda! Wanajeshi hawangoji mutu!"

Nilirudi nakimbia na sufuria.

Sudi alikuwa hatanii tena. Uso umekuwa wa kijivu, jasho jembamba usoni. Diyodone aliuona uso ule, akachukua sonde, akampa Esperanse. Ndiyo, yeye mwenyewe alimpa. "Wewe tazama. Mkono wako mzuri."

Nikapaka uji ubavu wa kushoto. Esperanse akaweka sonde, akatulia kama kawaida yake. Picha ikafunguka kama dirisha.

Figo. Bandama. Na katikati yake, mstari mweusi, mpana kama kidole.

"Ni huo!" Esperanse aliruka kwa furaha, kwa maana kwa miezi miwili wote waliutafuta na tumbo langu halikuwa nao. Kisha akakumbuka huyu ni ndugu yangu, akajiziba mdomo. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilitaka kushangilia. Tumeuona!

Diyodone alikuwa ameshakimbia kumwita Dokta.

Dokta alitoka, ndiyo kwanza amemaliza kumshona yule mama, damu bado kwenye aproni. Akatazama kioo muda wa kumeza mate. "Hata kama gari imeenda, iende. Huyu anaingia ndani sasa."

Walinitoa damu mimi, ikakubaliana na yake. Bandama ilikuwa imepasuka. Nilikaa kwenye benchi nimeshika sufuria ya uji, sikujua niiweke wapi. Esperanse alipotoka na kusema "Anapumua, anaomba maji," nilicheka, nikalia, nikacheka tena, na yule mama wa kufua mashuka akacheza pale kwenye varanda na beseni kichwani.

Mkono? Ulipona umepinda kidogo. Mpaka leo Sudi akikuonyesha njia ya kulia, wewe nenda kushoto kidogo. Ana watoto watatu na kovu tumboni analolionyesha hata kwa wasioomba. Ila uji wa muhogo hali. Anasema hawezi kula kitu alichopakwa.

Diyodone sasa ni daktari anayefundisha. Niliwahi kumsikia, mimi nimekaa nyuma ya darasa kama mgeni wake. Aliwaambia wanafunzi: "Mimi siku moja nilisema iko safi, na sikuwa nimeona kitu." Hakujificha nyuma ya mtu mwingine. Nilimheshimu zaidi ya siku zote.

Nililojifunza ni lile la Esperanse. Kutoona tatizo si sawa na kuona kwamba tatizo halipo. Kwenye gari, kwenye ndoa, kwenye afya ya mtoto. Usipoona vizuri sema sijaona, upike tena.

Na kilichonichekesha leo sokoni ni hiki. Riziki, yule hakimu wa mabonge, sasa ni muuguzi huko Nyanza-Lac. Amenitumia video. Ameshika sonde, tumbo la mama mjamzito mbele yake, na chupa ya jeli ya dukani mkononi. Anaikamua kwenye kiganja, anaisugua kwa kidole, anaikagua kwa uso uleule wa utotoni. Halafu anatazama kamera:

"Kaka, haina mabonge. Lakini ya kwako ilikuwa nzuri zaidi."

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Nani humu aliwahi kuokolewa na kitu cha jikoni? Na walio kwenye udaktari, niambieni ukweli: mlijifunzia kwenye tumbo la nani, na mlimshukuru?