Neno la Kumwita Ekai

Mwaka wa 1984 ofisi ya mifugo ya Isiolo ilifungwa kila Jumamosi adhuhuri, na zamu ya dharura ikamwangukia Ekai, msaidizi wa daktari. Kiangazi kilikuwa kimemchosha hoi. Akamwagiza Kiugu, mlinzi wa lango: "Mtu akisema mnyama wake anakufa, niite. Akisema ni mgonjwa tu, angoje Jumatatu."

Jumatatu akamkuta langoni mama mzee, Nakuam, aliyefika jana yake kutoka Leparua. Ng'ombe aliyemleta alikuwa amekufa hapo langoni, maana Kiugu alimwambia angoje Jumatatu.

Ekai akafoka. "Mama, mbona hukusema anakufa?"

"Ningemtamkia vipi kifo, mwanangu, naye ananisikia? Nilisema amechoka."

Marehemu mamake Ekai naye, asubuhi ya mwisho ya uhai wake, alimwambia mwanawe amechoka tu, naye Ekai akaenda kazini.