Neno Nililolibakiza Asajile Alipokwenda Kilindini

Nilikuwa mtoto wa darasa la tano mwaka ule kaka yangu Asajile alipojiandaa kwenda kuvua kilindini kwa mara ya kwanza na wavu wake mwenyewe. Tuliishi ufukweni mwa ziwa huku Kyela: mama, Bibi mzaa baba, Asajile na mkewe Tupoki, na mimi. Baba alikuwa amekwisha kufa. Ndiyo ile miaka ya ruksa, vitu vilivyopotea madukani vilipoanza kuonekana tena, na nyuzi za nailoni zikawa zinavuka mto Songwe kutoka Malawi kama mvua. Asajile alisuka wavu wake kwa miezi, akikaa kizingitini, na wifi Tupoki akimshikia uzi.

Wavu ukaisha, yakakosekana maboya ya kuushikilia juu. Nami nilikuwa na ndala mpya, nyekundu, alizoniletea shangazi kutoka Karonga. Nilikuwa nimeziweka chini ya kitanda nikisubiri Pasaka, maana watoto wa kwaya tungeimba mbele ya kanisa zima na sikuwahi kusimama pale nikiwa na kitu miguuni. Siku moja nimetoka shule nikamkuta Asajile amezikatakata vipande vya mraba, anavitoboa kwa msumari wa moto.

"Usininunie," aliniambia. "Nikirudi nakuletea viatu vya kweli, vya kufunga kamba."

Nikaingia ndani. Mtu mzima akisikia leo atacheka, ndala! Lakini naandika ukweli wa moyo wangu ulivyokuwa: nilimchukia. Kwa siku nne nzima nilimchukia ndugu yangu wa tumbo moja.

Siku ya safari ilipofika, kila kitu kilipangwa uani. Wavu, vidonge vya udongo wa kuchoma vya kuuzamisha, kopo la kukumbia maji, mahindi ya kukaanga, kafi ya akiba. Wenzake wawili walikuwa wanamsubiri majini na mtumbwi. Ndipo Bibi akatuita sote tuuzunguke wavu, akaleta maji kwenye kibuyu.

Hii ilikuwa desturi ya kwetu. Mtu hapelekwi kwenye maji makuu huku nyumbani kuna aliyemkasirikia. Kila mmoja anataja hasira yake waziwazi, mwenye kosa anaomba radhi, kisha aliyesema anatia maji kinywani na kuyapuliza chini. Hasira imetoka, imekwisha. Asiye na neno naye anapuliza, kuthibitisha.

"Mwenye neno alitoe sasa," Bibi alisema. "Atakayelimeza, litamfuata huyu huko majini. Sisemi utani."

"Bibi, fanya upesi, samaki watalala," Asajile akasema.

Mama hakuwa na neno. Akapuliza. Wifi Tupoki akajishika kiuno.

"Mimi ninalo. Juzi uliwaambia wenzako kwamba ndizi zangu hata mbwa angezirudisha. Walicheka, nami nipo jikoni nasikia. Niliumia."

"Zilikuwa mbichi, mke wangu."

"Zilikuwa mbichi kwa sababu kuni ulizoleta zilikuwa mbichi!"

Tukacheka wote, hata Bibi. Asajile akapiga goti akasema amekosa, wifi akapuliza maji mengi mpaka yakamlowesha miguu mumewe. Kisha kaka akanigeukia mimi.

"Na wewe? Mdomo umekuvimba kama wa kambare. Sema, nakusikiliza."

Alinipa nafasi. Hilo ndilo linalonitesa, alinipa nafasi kwa mdomo wake mwenyewe. Lakini nilijua nikisema ataomba radhi, watu watacheka, na hasira yangu itakuwa imeisha bure. Sikutaka iishe. Nilitaka arudi na wavu mtupu, achekwe kama mimi nitakavyochekwa Pasaka. Nikasema, "Sina neno." Nikatia maji kinywani, nikapuliza.

Siku ya pili upepo ulivuma kutoka kusini tangu asubuhi. Wale wenzake wawili walifika ufukweni siku ya tatu wakiwa wameng'ang'ania mtumbwi uliopinduka. Asajile hakupatikana, wala wavu wake.

Msibani mama alimvamia wifi kwa maneno. "Wewe ndiye uliyekuwa na neno! Ulisema huku unacheka, kumbe lingine ulilibakiza moyoni!"

"Mama, nililitoa lote, mlinisikia," wifi alilia. Alikuwa na mimba ya miezi minne.

Bibi akanyamazisha watu. Akatutazama mmoja mmoja, akauliza polepole, "Aliyesema amekwisha kusema. Je, yuko mwingine aliyebaki nalo?"

Nilikuwa nimekaa mkekani ubavuni kwa mama, mkono wake begani kwangu. Nikainama.

Baada ya matanga, mama alimrudisha wifi kwao Katumba Songwe. Mimi ndiye niliyembebea mzigo mpaka barabarani. Akanishika kichwa akasema, "Ndaga, asante, wifi. Wewe peke yako hukunitupa."

Mchungaji wetu hufundisha kwamba upepo ni wa Mungu, hautumwi na kinyongo cha mtoto, nami naamini hivyo. Sidhani tena kwamba nilimuua kaka yangu. Lakini dhambi yangu ya mkekani haina upepo wa kusingizia. Nimeitubu kwa magoti miaka mingi, na bado huamka nayo.

Mwaka jana nilijikaza nikaenda Katumba Songwe. Nilimkuta wifi anaanika kakao, mzee sasa, na mwanawe, ambaye ana sura ya Asajile kabisa, anapanga magunia. Nikamweleza yote. Alisikiliza huku mikono yake ikigeuza kakao, hakuacha kazi.

"Umemwambia nani mwingine?" akaniuliza.

"Mungu."

"Mungu siye aliyenifukuza," alisema. "Mwambie aliyenifukuza."

Hakunikaribisha ndani, nami sikustahili.

Mama yu hai. Naishi naye, namwogesha, namkorogea uji. Kila asubuhi ananiombea kwa sauti, anamshukuru Bwana kwa kumwachia mtoto mmoja asiye na hila. Nami naitikia amina, kisha natoka nje kuwasha moto.